Kusubu, Kufua na Kukereza: Uteuzi wa Aloi za Platini katika Usonara

Mnunuzi anayeonyeshwa pete ya platini katika duka la vito mjini London hutazama kwanza tarakimu zilizopigwa ndani ya pete hiyo. Aghalabu huwa ni 950, yaani katika kila sehemu 1,000 za metali hiyo kwa uzani, 950 ni platini. Nchini Uingereza platini imekuwa ikipigwa chapa ya usafi kwa mujibu wa sheria tangu mwaka wa 1975, na chapa hiyo ni ya kuaminika. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo chapa haisemi: sehemu 50 zilizosalia ni za metali gani? Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo lina uzito kuliko lile la usafi, na kwamba jibu lake hutegemea jinsi pambo linavyoundwa. Kiswahili kina vitenzi vitatu vinavyotenganisha njia hizo barabara: kusubu, kufua na kukereza.

Kwanza, ni kwa nini platini ichanganywe? Platini tupu ni laini. Katika kipimo cha ugumu cha Vickers haizidi takriban 50, na pete iliyoundwa kwayo hupinda na kukwaruzika upesi. Ndiposa huyeyushwa pamoja na metali nyingine kidogo ili iwe aloi. Baadhi ya wafasiri hupendelea neno "mchanganyiko", lakini neno hilo lina kasoro. Mchele na choroko ni mchanganyiko pia, na mwenye subira anaweza kuvitenganisha kwa vidole. Aloi ni metali moja yenye tabia mpya ambazo hakuna mzazi wake aliyekuwa nazo peke yake. Ugumu wa kobalti, kwa mfano, hauelezi kikamilifu ugumu wa platini iliyotiwa kobalti.

Kusubu ni kumimina metali iliyoyeyuka katika kalibu. Hapa ndipo platini humtesa fundi. Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064 za Selsiasi, ilhali platini hungoja hadi 1,768. Kalibu za plasta zinazotosha kwa dhahabu haziwezi kustahimili joto hilo. Lazima zitumiwe kalibu zilizogandishwa kwa fosfeti. Aidha, platini huganda haraka mno inapomiminwa, na sehemu nyembamba za pambo, kama vile vikucha vinavyoshikilia almasi, huweza kuachwa bila kujaa. Sehemu 50 za kobalti hupunguza adha hii kwa kiasi kikubwa. Aloi yake hutiririka vyema, hujaza nakshi ndogo, na ugumu wake hufikia takriban 135. Kwa pete ya kusubu yenye nakshi nyingi, ni vigumu kupata aloi inayoishinda. Ila zake ni mbili. Ikichomwa kwa moto hewani, uso wake huweza kufifia rangi kwa sababu kobalti huungana na oksijeni. Vilevile, huvutwa kidogo na sumaku. Mnunuzi anayejiona mjanja, akaja dukani na sumaku mfukoni ili kufichua bandia, anaweza kuikataa platini halisi.

Kufua ni kuipa metali umbo kwa nyundo, kuinyoosha iwe waya au bamba, na kuiunga kwa moto. Fundi wa aina hii huhitaji aloi inayotii mkono wala isiyobadilika rangi motoni. Iridi humpa yote mawili. Tatizo ni kwamba sehemu 50 tu za iridi huacha ugumu wa takriban 80, ambao ni mdogo kwa pete itakayovaliwa kila siku. Iridi ikiongezwa hadi sehemu 100, ugumu hupanda hadi takriban 110. Kwa hiyo pete ya kufuliwa yenye chapa ya 900 huweza kudumisha umbo lake kuliko yenye chapa ya 950, ingawa mnunuzi anayehesabu usafi pekee ataichukua ya pili na kuamini kwamba amepata bora. Uimara wa aloi hii ya 900 haukutambuliwa na masonara pekee. Kipande cha kilogramu kilichokubaliwa kuwa kipimo cha dunia mwaka wa 1889, na kuhifadhiwa karibu na Paris, kilikuwa cha platini yenye asilimia 10 ya iridi. Kiliendelea kuwa kipimo hicho hadi mwaka wa 2019.

Kukereza, ambako wengi hukuhusisha na fundi wa mbao, ni kuchonga kitu kinapozunguka kwenye kerezo. Pete nyingi za ndoa zilizo sahili, zisizo na vito, huchongwa hivyo kutokana na bomba la platini. Rutheni ndiyo hupendelewa hapa. Sehemu zake 50 hutoa ugumu wa takriban 130 na uso unaong'arika vizuri, japo vyuma vya kuchongea huisha makali mapema.

Ikumbukwe kwamba ugumu si kila kitu. Platini inapokwaruzwa, sehemu kubwa ya metali husukumwa kando badala ya kung'oka, na ndiyo maana vikucha vya platini huhifadhi kito kwa miaka mingi. Hatari kubwa zaidi huja siku ya matengenezo. Kidole kikinenepa, pete hupelekwa ipanuliwe. Fundi asiyejua kwamba mbele yake kuna kobalti atashangaa kuiona ikififia motoni, na atalazimika kuisugua upya. Anayeitanua kwa nguvu pete ya rutheni akidhani ni ya iridi huweza kuipasua. Kwa kuwa chapa hutaja platini pekee, jina la metali ya pili linafaa kuandikwa na muuzaji kwenye stakabadhi siku ya kununua, pamoja na neno moja kati ya yale matatu: ilisubiwa, ilifuliwa au ilikerezwa.