Kisiwa ni soko lenye mlango mmoja
Somo la Likoma kwa wafanyabiashara wa Kyela

Mchele wa Kyela una njia nyingi za kwenda. Lori likikosekana leo, kesho lipo; bei ya Mbeya ikishuka, mzigo unaendelea hadi Dar es Salaam. Bidhaa inayopelekwa kisiwani haina uhuru huo. Ikishashushwa ufukweni, itauzwa hapo hapo au itarudi kwa nauli nyingine. Ndiyo maana biashara ya kisiwani humpa mmoja faida nono na kumfilisi mwenzake ndani ya mwezi huo huo.

Mfano mzuri ni kisiwa cha Likoma, karibu kilomita 290 kusini mwa bandari ya Itungi kwa mstari ulionyooka. Ni kisiwa cha Malawi, lakini kiko kilomita chache tu kutoka ufukwe wa Msumbiji. Mkataba wa Uingereza na Ureno wa 1954 uliipa Msumbiji sehemu yake ya ziwa, ila Likoma na kisiwa jirani cha Chizumulu vikabaki Nyasaland, yaani Malawi ya sasa. Kwa hiyo jirani wa karibu wa Likoma yuko nchi nyingine na anatumia fedha nyingine.

Ardhi ndogo, walaji wengi

Likoma ina ukubwa wa kama kilomita za mraba 18. Sensa ya Malawi ya 2018 ilihesabu watu zaidi ya 14,000 katika wilaya ya Likoma, Chizumulu ikiwamo. Udongo ni wa kichanga wenye mawe mengi, na zao linalostahimili ni muhogo. Linganisha na Kyela, ambako mvua nyingi na tope la mito kama Songwe na Kiwira huotesha mpunga, kakao na ndizi.

Matokeo yake ni kwamba nafaka huingia kisiwani na samaki hutoka. Usipa, yaani dagaa wa ziwa hili, huvuliwa usiku kwa taa, huanikwa, kisha hupelekwa bara. Mvua ikinyesha kabla haujakauka, mvuvi hupoteza mali. Na mvuvi asipouza usipa, mwenye duka naye hauzi unga. Anayepeleka nafaka kisiwani anapaswa kwanza kuuliza habari za usipa.

Mlango ukifungwa

Tangu 1951 kiungo kikuu cha Likoma na bara la Malawi kimekuwa meli ya Ilala. Kwa miongo mingi ilitia nanga mbali na ufukwe, abiria na mizigo vikashushwa kwa boti ndogo. Kila gunia linalobebwa mara mbili huongeza gharama, na meli inapokwenda matengenezo rafu za maduka huanza kuonekana tupu.

Upepo nao hufunga mlango. Katika miezi ya kiangazi, hasa Mei hadi Agosti, upepo wa kusini-mashariki ambao Malawi wanauita mwera huchafua ziwa, na boti za mbao hulazimika kusubiri.

Mlango wa tatu uko mikononi mwa serikali. Machi 2025 Malawi ilizuia kuingiza baadhi ya mazao, mchele ukiwamo. Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi, kisha ikaondoa zuio hilo. Wenye mzigo uliokuwa ukielekea Kasumulu walionja kwa muda maisha ya mtu wa kisiwani.

Visiwa vya nchi kavu

Msomaji asidhani habari hizi ni za Likoma peke yake. Ukitoka Matema kwenda kusini, Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja majini. Vijiji vingi vya mwambao wa Ludewa vina maji mbele na ukuta wa milima nyuma. Kwa hesabu za biashara, hivyo navyo ni visiwa.

Serikali ilijenga Itungi meli mbili za mizigo, Mv Njombe na Mv Ruvuma, kila moja ya tani 1,000, na baadaye Mv Mbeya II ya abiria 200 na mizigo tani 200. Hata hivyo, ukubwa wa meli haumsaidii mfanyabiashara mdogo kama hajui siku itakayorudi.

Tuseme kijiji kinakula magunia 20 ya mchele kwa wiki, na meli hupita mara moja kwa wiki. Wafanyabiashara watatu wakishusha magunia 20 kila mmoja siku moja, chakula kilichopo ni cha wiki tatu na bei itaanguka kabla ya jioni. Meli ikikosa safari mbili zinazofuata, mwenye ghala kavu aliyeweza kungoja ndiye atakayepanga bei. Aliyekopa mtaji wa kurejesha baada ya siku saba atakuwa amekwisha kuuza kwa hasara.

Kabla ya kupakia, basi, fahamu mambo manne: wenzako wamepakia kiasi gani, usipa unatoka vipi, mzigo utalala wapi, na mtaji wako unaweza kukaa siku ngapi bila kurudi. Kama jibu la swali la mwisho ni wiki moja, uza mchele wako Kyela.