Honi ya Bati na Yuniti Yake

Kama umewahi kualikwa arusi au maulidi hapa Galu, bila shaka umeona honi za bati zimefungwa juu ya minazi. Ya kwetu aliikunja mjomba kwa mkono wake, akailehemu shingo aliyoitoa kwenye honi mbovu. Mdomo wake una upana wa sentimita 50. Mwaka jana iliungua katikati ya arusi ya dada yangu, bi arusi hata hajatolewa! Kosa lilikuwa langu. Juma moja kabla, nilikuwa nimetoa yuniti ya wati 25 nikatia ya wati 50, nikidhani ati wati nyingi ndiyo sauti kubwa.

Yuniti ni kile kidude cha mviringo kinachofungwa kisogoni mwa honi. Ndani mna sumaku, koili ya waya mwembamba, na kiwambo. Umeme ukipita, koili huvutwa na kusukumwa na sumaku, nacho kiwambo hutikisika. Hewa hubanwa kwenye tundu dogo, kisha hutanuka polepole ndani ya honi mpaka itoke mdomoni. Fikiria siwa ya Lamu: mpigaji akitikisa midomo bila siwa, hata jirani hasikii, akiishika siwa, mji mzima unajua. Wazungu nao waliligundua jambo hili. Mwaka 1915 Peter Jensen na Edwin Pridham walisikizisha umati wa watu kule San Francisco kwa spika yenye honi.

Sasa tuje kwenye wati. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu zaidi. Ili sikio lione sauti imekuwa maradufu, zinahitajika wati mara 10 hivi. Tena msikilizaji akitoka mita 10 akasimama mita 20, hapo uwanjani desibeli 6 zimekwenda. Basi pesa zangu zilinunua nini? Si kitu.

Kilichoiua yuniti ni besi. Kila honi ina mpaka wake, na hesabu yake ni nyepesi. Mdomo wa sentimita 50 una mzingo wa mita 1.57. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Gawanya, utapata 218. Chini ya mitetemo 218 hivi kwa sekunde honi haiishiki hewa vizuri, na kiwambo hurukaruka ovyo bila kitu cha kukizuia. Ile yuniti ya zamani ilikuwa na kapasita kwenye waya wake, ya kuzuia besi. Mimi niliikata nikaitupa, nikidhani ni takataka! Halafu tukapiga chakacha, besi imefunguliwa mpaka mwisho. Mjomba alipokifungua kile kidude, kiwambo kilikuwa kimepasuka na koili ni nyeusi kama mkaa.

Kwa hivyo ukitaka kubadilisha, anza na shingo. Yuniti nyingi za kuzungusha zina thredi ya inchi 1⅜; pima kabla hujalipa. Kisha tazama omu. Yuniti ya omu 16 ukiipima kwa mita husoma chini kidogo, kama 12. Mita ikikaa kimya, koili imekatika. Ukifunga mbili za omu 8 sambamba zinakuwa omu 4, na amplifaya nyingi hapo huchemka. Kwa omu 16, kapasita ya mikrofaradi 33 hukata besi kuanzia mitetemo 300 kwenda chini. Kwa omu 8 tumia 68. Iwe ile isiyo na chanya wala hasi. Ukunda tuliikosa, ikabidi tuvuke feri.

Kiwambo cha titani hulia vizuri juu, lakini kwa hotuba na matangazo mimi naona kile cha fenoli kinatosha. Na hapa pwani funga honi mdomo ukiinama kidogo, maji ya mvua yasituame. Chumvi peke yake inatosha kuila.

Tulirudisha yuniti ya wati 25 na kapasita yake. Maulidi yaliyofuata, nyanya aliyasikiliza akiwa kisimani, akarudi akiuliza ni nani aliyekuwa akikohoa kwenye maikrofoni.