Stara, Tasfida na Ukatili: Kupima Maudhui ya Watu Wazima katika Riwaya ya Distopia

Riwaya ya distopia husawiri jamii ambayo utawala wake umegeuka adui wa raia. Kwa kuwa uovu ndio kiini chake, haiwezi kuepuka mateso, hofu na udhalilishaji. Swali linalomkabili mwalimu anayeteua vitabu si iwapo maudhui hayo yamo, bali yapimwe kwa kigezo gani. Makala haya yanadai kwamba kigezo kilichozoeleka, cha kutafuta maneno makali, hakitoshi.

Mfano wa karibu ni Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga. Karama anashtakiwa kwa kutaka elimu ya sheria ifundishwe. Katika utetezi wake anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, wakarejea na mapendekezo ya manufaa, kisha wakatiwa gerezani. Kuadhibiwa kwa sababu ya kuitumikia nchi ni jambo zito kwa msomaji wa umri wowote. Hata hivyo, lugha ya mwandishi ni ya stara, na vizazi vya wanafunzi vimeisoma riwaya hiyo darasani. Kwa upande mwingine, Rosa Mistika (1971) ya Kezilahabi, ingawa si distopia, ilizuiwa kutumika shuleni. Lawama zilielekezwa kwenye ngono, si kwenye kipigo ambacho Zakaria anampa bintiye kwa sababu ya barua. Kipimo kiliona mwili uliotajwa, hakikuona mwili ulioumizwa.

Utamaduni wa pwani una kipimo kipana zaidi. Katika unyago, somo humfundisha mwari mambo ya unyumba kwa nyimbo na maneno ya wazi ambayo hayatamkwi barazani. Neno ni lile lile. Kinachobadilika ni hadhira, mahali na nia. Kwa mtazamo wa isimujamii, stara si sifa ya neno pekee, bali ni uhusiano wa neno na muktadha wake. Kwa hiyo mwenye stara si lazima anyamaze. Huchagua pa kusemea na wa kumwambia.

Kipimo hicho kinazaa maswali matatu. Je, msomaji anayelengwa amekwisha kuandaliwa kulipokea tukio? Je, tukio linafichua mamlaka yanayolisababisha, au linamgeuza aliyeumizwa kuwa tamasha? Je, lugha inaficha tendo au inalitaja?

Swali la mwisho lina uzito wa pekee, kwani katika distopia tasfida ni chombo cha mtawala pia: kifungo huitwa ulinzi wa amani, na njaa huitwa kujitolea. Mhariri anayelainisha kila neno kwa ajili ya shule anaweza, bila kukusudia, kuikamilisha kazi ya mtawala huyo. Inapendekezwa, basi, kwamba anayekataa kitabu aeleze ni tendo gani limemkwaza, limesimuliwa kwa nia gani, na ni kwa wasomaji wa umri gani halifai. Orodha ya maneno yaliyopigiwa mstari haitoshi kuwa hukumu.