Kiboko Ndani ya Tarakilishi: Ngeli na Upatanisho katika Lugha ya R

Umbo la nomino halitoshi kuitambulisha ngeli. Kiboko wa ufuo wa Dunga, Kisumu, ana kiambishi ki-, lakini "ameibuka", wala si "kimeibuka". R, lugha ya takwimu iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland katika miaka ya 1990, nayo ina viboko wake.

Chukulia mbuta watatu wenye gramu 1200, 900 na 3000, na wa nne aliyeandikiwa "hajapimwa". Neno hilo moja huigeuza safu nzima kuwa maandishi. Na kabla ya toleo la 4.0.0 la mwaka 2020, R iliyasoma maandishi hayo na kuyatia katika ngeli ya factor bila kuulizwa. Programu za zamani zingali na mtego huo. Machoni huonekana uzito. Ndani zimehifadhiwa nambari za mpangilio wa kialfabeti: 1200 ni 1, 3000 ni 2, 900 ni 3. Amri as.numeric() hurudisha nambari hizo, kimya kimya. Wastani wa mbuta watatu, ambao ni gramu 1700, huwa 2!

Amri summary() hufuata ngeli kama kitenzi kifuatavyo nomino: ikipewa namba hutoa wastani, ikipewa factor huhesabu tu marudio. Jibu lake la ajabu, basi, ni dalili, si hitilafu. Kwanza iulizwe class(). Kisha safu ipitishwe kwenye as.character() ndipo as.numeric() ifuate. "Hajapimwa" atageuka NA, na safari hii R itatoa onyo.