Mipangilio Moja ya Git kwa Kompyuta Zote

Anayetumia Windows ofisini na Linux nyumbani huandika mipangilio ya Git mara mbili: jina, barua pepe, vifupisho vya amri. Akibadilisha huku, kule kunabaki kama zamani. Wengi huchoka, wakanakili faili la .gitconfig kama lilivyo, na hapo ndipo kero huanza, maana faili hilo limechanganya mambo ya mtu na mambo ya mashine.

Chukua utunzaji wa nywila. macOS hutumia osxkeychain, Windows hutumia manager. Mstari wa osxkeychain ukifika kwenye Linux, Git italalamika kwamba haiijui amri hiyo kila inapohitaji nywila.

Faili la pamoja libebe mambo ya mtu tu, kisha mwishoni liandikwe:

[include]
    path = ~/.gitconfig-mashine

Faili hili la pili hubaki kwenye kompyuta yake, halisafiri. Lisipokuwepo, Git hupita kimya bila kutoa kosa. Nasisitiza liitwe mwishoni: penye thamani moja tu, Git hushika iliyosomwa mwisho. Ukiliita juu, faili la pamoja litafuta uamuzi wa mashine.

Tangu toleo la 2.13, la mwaka 2017, ipo pia includeIf, inayoita faili jingine kutegemea mradi uko wapi. Ukiandika gitdir:~/kazi/ miradi yote iliyo ndani ya folda hiyo itachukua barua pepe ya mwajiri iliyo kwenye faili hilo. Mkwaju wa mwisho usiuache, la sivyo miradi ya ndani haitaguswa.

Miisho ya mistari ndiyo inayogombanisha timu. Windows humaliza mstari kwa alama mbili zisizoonekana, CR na LF. Linux na macOS hutumia LF peke yake. Mwenzako anasahihisha neno moja, Git inaonyesha faili zima limebadilika, na anayekagua hajui atazame wapi. Wengi hutegemea core.autocrlf, lakini huo ni mpangilio wa mtu binafsi. Asiyeuweka anawaharibia wote. Kwa maoni yangu kanuni hii ni ya mradi. Weka faili la .gitattributes lenye mstari huu:

* text=auto

Kila atakayeuchukua mradi ataipata humo humo.

Ukiona tabia usiyoielewa, andika git config --list --show-origin. Kila mpangilio utatajwa pamoja na faili ulikotoka.