Usiku wa Led Zeppelin Jijini London

Muziki wa roki, yaani mtindo uliochipuka Marekani katika miaka ya 1950 kutokana na bluzi za Wamarekani Weusi na nyimbo za mashambani za Wazungu wa kusini, kisha ukakuzwa na vijana wa Uingereza kwa magitaa ya umeme na drams zinazochapwa kwa nguvu, umefikia umri ambao waasisi wake wengi ni wazee na wengine wameshatangulia mbele ya haki. Kutokana na hali hiyo limejitokeza tamasha la aina ya pekee, tamasha la wakongwe, ambamo babu, mwana na mjukuu huingia pamoja na kuimba maneno yale yale. Linalohitaji maelezo ni kitu gani hasa shabiki hukifuata huko, maana nyimbo anazo nyumbani, tena zilirekodiwa wakati wanamuziki wale walipokuwa vijana, koo zikiwa safi na vidole vikiwa vyepesi, ilhali jukwaani atawakuta watu wa makamo na wazee ambao huenda nota za juu zimeshawashinda. Usiku wa tarehe 10 Desemba 2007, kundi la Led Zeppelin lilipopanda jukwaani jijini London, unatoa jibu lililo wazi kuliko matamasha mengi ya namna hiyo: shabiki hufuata hatari, yaani ule uwezekano kwamba jambo linalotendeka mbele yake linaweza kuharibika wakati wowote, na kwamba likifanikiwa yeye atakuwa miongoni mwa mashahidi wake.

Led Zeppelin liliundwa mwaka 1968 na watu wanne: Jimmy Page, mpiga gitaa la solo na mtayarishaji wa albamu za kundi, Robert Plant, mwimbaji, John Paul Jones, mpiga gitaa la besi aliyemudu pia kinanda, na John Bonham, mpiga drams. Umaarufu wao ulipanda haraka, hata tarehe 5 Mei 1973 watu 56,800 walifurika katika uwanja wa Tampa, jimboni Florida, na kuvunja rekodi ya mahudhurio iliyowekwa na The Beatles mjini New York mwaka 1965. Miaka saba baadaye mambo yalikatika ghafla. Tarehe 25 Septemba 1980 Bonham alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 32, baada ya kunywa pombe kupita kiasi, na mwezi Desemba wenzake walitangaza kwamba hawangeweza kuendelea bila yeye.

Uamuzi huo, ambao bendi nyingi zilizofiwa hazikuuchukua, unaeleweka pale inapofahamika drams zilikuwa na kazi gani katika muziki wao. Kwa kawaida mpiga drams hutunza mwendo ili wengine wajenge juu yake, lakini Bonham alilijibu gitaa la Page kishazi kwa kishazi, huku akilichelewesha pigo kidogo tu, kiasi cha kuufanya wimbo usikike mzito bila kupunguza kasi. Hata mlio wa vyombo vyake ulitafutwa kwa uangalifu mkubwa: kwa wimbo "When the Levee Breaks" wa mwaka 1971, drams ziliwekwa chini ya ngazi katika Headley Grange, jumba kongwe la mashambani kusini mwa Uingereza, na maikrofoni mbili zikaning'inizwa juu kabisa ya ngazi hizo, hivyo kila pigo likanaswa pamoja na mwangwi wa nyumba nzima. Mtu ambaye angekalia kiti cha Bonham angelazimika kubeba sehemu ya utunzi, na ndiyo maana mashabiki walikuwa na shaka na yeyote ambaye angethubutu.

Shaka hiyo ilikuwa na ushahidi. Tarehe 13 Julai 1985, katika tamasha la Live Aid lililochangia waathirika wa njaa ya Ethiopia, watatu waliobaki walitumbuiza Philadelphia pamoja na wapiga drams wawili wa kuazima, mmoja wao akiwa Phil Collins, ambaye mchana wa siku hiyo hiyo alikuwa jukwaani London na akavuka bahari ya Atlantiki kwa ndege ya Concorde. Mazoezi yalikuwa haba, sauti ya Plant ilikwaruza na nyuzi za gitaa la Page hazikuwa zimelinganishwa vizuri, na matokeo yake yaliwachukiza wenyewe kiasi kwamba walikataa kipande chao kisiingizwe katika DVD rasmi ya tamasha hilo iliyotolewa mwaka 2004. Mwaka 1988, katika sherehe za miaka 40 ya kampuni ya rekodi ya Atlantic mjini New York, Jason, mwana wa marehemu Bonham, alikaa mahali pa baba yake, lakini onyesho hilo nalo halikuridhisha.

Kilichowakutanisha tena ni msiba. Ahmet Ertegun, Mturuki aliyeianzisha Atlantic pamoja na mwenzake mwaka 1947 na ambaye kampuni yake ilitoa rekodi za Ray Charles na Aretha Franklin kabla ya kulichukua Led Zeppelin, alifariki mwezi Desemba 2006 akiwa na miaka 83, wiki kadhaa baada ya kuanguka katika onyesho la Rolling Stones. Tamasha la kumkumbuka lilipangwa kufanyika katika ukumbi wa O2, kando ya mto Thames, na mapato yake yaingie katika mfuko wa kuwasomesha wanafunzi. Tiketi moja iliuzwa pauni 125, na kwa kuwa ukumbi huo huchukua watu 20,000 hivi, nafasi ziligawiwa kwa bahati nasibu. Maombi yaliyopitia intaneti yalihesabiwa kuwa milioni 20, idadi iliyoingizwa katika kitabu cha rekodi cha Guinness, maana yake ni kwamba katika kila maombi elfu moja ni moja hivi lililoambulia kiti. Ili kuwakata maini walanguzi, mshindi alitakiwa afike mwenyewe na kitambulisho pamoja na kadi ya benki aliyolipia, kisha akavishwa mkanda wa mkononi. Shabiki mmoja kutoka Scotland alipata tiketi mbili kwa pauni 83,000 katika mnada wa hisani wa kuwasaidia watoto. Fedha hizo ni nyingi mno kwa kipimo chochote, lakini zinaonyesha jinsi watu walivyouelewa usiku huo kuwa hautarudiwa.

Hata kabla ya kuanza, hatari ilibisha hodi. Tamasha lilikuwa limepangiwa tarehe 26 Novemba, na wiki chache kabla Page, mwenye miaka 63, alivunjika kidole, jeraha ambalo kwa mpiga gitaa ni sawa na mkimbiaji kuteguka kifundo cha mguu. Tarehe ikasogezwa mbele kwa majuma mawili, na watu waliokwisha kulipia ndege na hoteli kutoka pembe zote za dunia wakalazimika kupanga safari upya.

Taa zilipozimwa, kiwambo kikubwa cha nyuma kilionyesha taarifa ya habari ya mwaka 1973 kuhusu umati wa Tampa, kisha ukafuata "Good Times Bad Times", wimbo wa kwanza wa albamu yao ya kwanza ya mwaka 1969. Chaguo hilo lilikuwa la kijasiri. Wimbo huo ndio uliowatambulisha walimwengu kwa mguu wa kulia wa John Bonham, ambao kwa kanyagio moja tu uligonga dramu kubwa mapigo ya haraka yanayofuatana hata wapiga drams wengi wakadhani makanyagio yalikuwa mawili, kwa hiyo Jason, aliyekalia tena kiti cha baba yake akiwa na miaka 41, alitahiniwa ndani ya dakika ya kwanza, mbele ya watu wanaokijua kila kipande kwa moyo. Akafaulu. Alikuwa amekulia ndani ya muziki huo na alizijua rekodi hizo kwa undani, na tofauti na wale wa kuazima wa mwaka 1985, alikuwa amefanya mazoezi ya kutosha pamoja na wenzake.

Plant, mwenye miaka 59, hakujaribu kujifanya kijana. Nyimbo kadhaa zilishushwa ufunguo, yaani zilipigwa kwa nota za chini kuliko zilivyo kwenye rekodi, na pale ambapo zamani angepaza ukelele, mara nyingi aliipitisha sauti katikati na kuliacha neno lifanye kazi yake. Wapo wanaohesabu jambo hilo kuwa udhaifu, lakini hukumu hiyo haina haki, kwa sababu mwimbaji anayekijua kikomo cha sauti yake humpa msikilizaji zaidi ya yule anayekipigania na kushindwa. Katika orodha ya nyimbo 16, zilizochukua muda wa zaidi ya saa mbili, ulikuwamo pia "For Your Life", wimbo wa mwaka 1976 ambao kundi halikuwahi kuupiga jukwaani, hivyo hata aliyewafuata tangu enzi zao alisikia jambo jipya. Katika "Dazed and Confused" Page alilipiga gitaa kwa upinde wa fidla, huku miale ya kijani ikimzunguka kwa umbo la piramidi. Na "Stairway to Heaven", wimbo ambao wengi walidhani utawekwa mwisho, ulipigwa katikati ya safari bila mbwembwe, Page akiwa amebeba gitaa lenye shingo mbili, moja ya nyuzi 12 na nyingine ya nyuzi sita, ili aweze kuhama kutoka sehemu moja ya wimbo kwenda nyingine bila kubadili chombo.

Kilele kilikuwa "Kashmir", wimbo wa mwaka 1975 unaostahili kuelezwa kwa kirefu. Drams zake huhesabu nne kwa utulivu wa mtu anayetembea, ilhali gitaa na kinanda, vikicheza kifungu kifupi kinachopanda na kurudi, huhesabu tatu, kwa hiyo pande hizo mbili huachana na kukutana tena kila baada ya mapigo 12. Msikilizaji wa Afrika Mashariki aliyezoea ngoma zinazopishanisha mbili na tatu hahitaji kufundishwa utamu wa jambo hilo, na pengine si ajabu kwamba maneno ya wimbo huo, licha ya jina lake la Kihindi, Plant alianza kuyaandika mwaka 1973 alipokuwa akisafiri kwa gari katika jangwa la kusini mwa Morocco. Afrika haikumtoka: mwaka 1994 yeye na Page walirekodi mjini Marrakesh pamoja na wanamuziki wa Gnawa, na mwezi Januari 2003 alipiga katika tamasha la jangwani la Essakane, karibu na Timbuktu, nchini Mali. Ndani ya O2, Jason aliushika mwendo wa "Kashmir" bila kuyumba, Jones akajaza kwa kinanda nafasi ya okestra nzima, na Plant akaifikia nota ndefu ya katikati ya wimbo, ile ambayo kila mtu ukumbini alikuwa akiisubiri kwa wasiwasi.

Haki inadai pia itajwe kwamba kuelekea mwisho wa onyesho, baada ya umati kuwaita warudi, ulipigwa "Whole Lotta Love", wimbo ambao sehemu ya maneno yake ilitokana na kazi ya Willie Dixon, mtunzi wa bluzi wa Chicago, ambaye alifungua kesi mwaka 1985 na kufikia suluhu na kundi mwaka 1987, na jina lake sasa limo kati ya watunzi. Roki ya Uingereza ina deni kubwa kwa Wamarekani Weusi waliolipwa kidogo au kutolipwa kabisa, na ukubwa wa Led Zeppelin haulifuti.

Baada ya usiku huo dunia ilisubiri ziara. Page, Jones na Jason walikuwa tayari, hata wakafanya mazoezi na waimbaji wengine mwaka 2008, lakini Plant alikuwa ameshatoa albamu na Alison Krauss, mwimbaji wa Marekani, iliyotwaa tuzo ya Grammy ya albamu ya mwaka mwezi Februari 2009, na hakutaka kurudi nyuma. Filamu ya tamasha, "Celebration Day", ilitoka mwezi Oktoba 2012, ikiwa na picha safi na sauti bora, ingawa anayeitazama ameshajua kwamba Jason hatateleza na kwamba nota ya "Kashmir" itafikiwa, mambo ambayo hakuna aliyeyajua ukumbini. Mwezi Desemba mwaka huo huo kundi lilipewa heshima ya Kennedy Center mjini Washington, ambako Ann na Nancy Wilson wa kundi la Heart waliimba "Stairway to Heaven" pamoja na kwaya kubwa, Jason akiwa kwenye drams. Page, Plant na Jones safari hii walikuwa wameketi upande wa wasikilizaji, wakingoja kama watu wengine kuona iwapo wimbo wao utatendewa haki.