Nyimbo za Wachunga Ng'ombe wa Marekani

Wasomaji wetu wengi, hasa wa wilaya za wafugaji, wamepata kumsikia mchunga akiwaimbia ng'ombe wake malishoni. Leo twapenda kueleza habari za nyimbo kama hizo katika nchi ya Marekani, na jinsi wazazi wa huko wawapelekavyo watoto wao kuzisikiliza.

Mchunga wa huko huitwa kauboi, naye huchunga akiwa juu ya farasi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, jimbo la Texas lilikuwa na ng'ombe wengi mno, lakini wanunuzi walikuwa mbali, kaskazini na mashariki. Basi tangu mwaka 1867 ng'ombe waliswagwa hata Abilene, katika jimbo la Kansas, palipokuwa na reli. Kundi moja liliweza kuwa na ng'ombe 2,000 au zaidi, na wachunga kumi au kumi na wawili tu. Walikwenda maili 10 hadi 15 kwa siku, muda wa miezi miwili au mitatu. Si wachache kati ya wachunga hao waliokuwa Wameksiko, au watu weusi waliotoka utumwani punde.

Hatari kubwa ilikuwa usiku. Ngurumo moja iliweza kuwashtua wanyama wote wakatimka pamoja, wakamkanyaga mtu na farasi wake. Kwa hiyo wachunga wawili walilizunguka kundi, huyu akienda huku na yule kule, wakiimba polepole. Sauti iliwatuliza ng'ombe, ikawajulisha kuwa apitaye gizani si adui. Tena kila mchunga alijua kuwa mwenzake yu macho. Hivyo wimbo ulikuwa chombo cha kazi, kama kamba na tandiko.

Baadaye reli ikafika Texas, seng'enge ikazuia njia, na ilipofika mwaka 1890 misafara ile ilikuwa karibu kwisha. Kazi ikiisha, wimbo wake husahauliwa upesi. Bwana John Lomax, aliyekulia Texas, akazikusanya nyimbo hizo na kuzitia kitabuni mwaka 1910. Mmoja, uitwao "Home on the Range", aliupata mjini San Antonio kwa mtu mweusi aliyekuwa mpishi wa misafara. Na mwaka 1947 ukafanywa wimbo wa jimbo la Kansas.

Lakini kitabu hakina sauti. Ndiyo sababu pana mahali kama Flying W, karibu na mji wa Colorado Springs, palipoanza kupokea wageni mwaka 1953. Jamaa nzima hufika jioni, wakubwa kwa wadogo, wakapanga mstari wapewe nyama ya ng'ombe, maharagwe na viazi, kwa kukumbuka gari la mpishi alilolibuni Charles Goodnight mwaka 1866. Wakisha kula pamoja kwenye meza ndefu, waimbaji hupanda jukwaani na gitaa, fidla na zeze kubwa la kusimama, wakaimba kwa sauti zilizopatana. Mwezi wa Juni 2012 moto wa msitu uliteketeza mahali pale. Wenyewe hawakukata tamaa. Walijenga upya, na mwaka 2020 wageni wakakaribishwa tena.

Muziki wa namna hii umefika hata kwetu. Santuri za Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, zilisikiwa na Wakipsigis wa Kenya, wakaligeuza jina lake likawa Chemirocha. Mwaka 1950 Bwana Hugh Tracey aliwanasa sauti wasichana wa Kapkatet wakimwimba Chemirocha huyo, aliyedhaniwa kuwa nusu mtu, nusu paa.

Sasa tujiulize: nyimbo zetu wenyewe za ng'ombe ziko wapi? Siku hizi ng'ombe wengi huenda mnadani kwa lori, na mtoto aliye shuleni hachungi. Wamarekani wametuonyesha kuwa wimbo uliopoteza kazi yake waweza kuishi, iwapo wazazi watakwenda na watoto wao kuusikia kinywani mwa mwimbaji. Mwalimu aweza kumwalika mzee shuleni siku moja, mzee akaimba na watoto wakaitikia. Chifu naye aweza kuitenga siku hiyo, na wazazi wakaja. Gharama yake ni ndogo. Lakini mzee akifa kabla hajaalikwa, amekwenda nazo.